Constantine John Philip Ionides

Constantine John Philip Ionides (1901 – 1968) alikuwa bwana nyama, mkusanyaji wa wanyama na mtaalamu wa nyoka kutoka Uingereza. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi kusini mwa Tanganyika, ambayo sasa ni Tanzania. Watu wa Liwale na Newala walimwita Bwana Nyoka. Anakumbukwa kwa mambo mawili: nyoka wenye sumu aliowakamata kwa maelfu, wengi wao kwenye uwanda wa juu wa Makonde, na Pori la Akiba la Selous, ambalo bila juhudi zake lisingefikia ukubwa wake.

Vitabu vya biolojia vya sekondari hupanga uhai kwa ngazi. Seli nyingi za aina moja hufanya tishu, tishu hufanya ogani, ogani hufanya mfumo, na mifumo hufanya kiumbe kizima. Juu ya kiumbe kuna kundi la spishi moja katika eneo moja, kisha jamii ya viumbe wa spishi mbalimbali, kisha mfumo ikolojia pamoja na udongo wake, maji na hewa, na mwisho biosfia, yaani dunia yote yenye uhai. Mwanafunzi hukariri orodha hiyo na kuisahau baada ya mtihani. Katika maisha ya Ionides ngazi hizo zinaonekana zikifanya kazi, na inaonekana pia jinsi kitu cha ngazi ya chini kabisa kinavyoweza kubadili nchi nzima.

Maisha ya awali

Ionides alizaliwa Uingereza katika ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Ugiriki, waliohamia huko katika karne ya 19 na kupata jina kwa kununua kazi za wachoraji. Alisoma katika shule ya Rugby, kisha chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Akiwa afisa kijana alipelekwa India, na katikati ya miaka ya 1920 alihamia Tanganyika kutumikia Keya, yaani jeshi la King's African Rifles.

Jeshi halikuwa lengo lake. Tangu utotoni alipenda wanyama, na upendo huo, kama ilivyokuwa kwa wazungu wengi wa wakati ule, ulianza kwa kuwaua. Alipoacha jeshi aliwinda tembo kinyume cha sheria katika Kongo ya Wabelgiji na kuuza meno yao. Baadaye aliongoza wageni matajiri waliokuja kuwinda. Mwaka 1933 aliajiriwa na Idara ya Wanyamapori ya Tanganyika, na jangili wa zamani akawa mlinzi. Jambo hilo halikuwa la ajabu katika idara hiyo, kwani mtu aliyejua njia za tembo na za wawindaji wao alikuwa na manufaa kwake.

Liwale

Kituo chake kikuu kilikuwa Liwale, katika Jimbo la Kusini. Kazi ya bwana nyama wakati huo haikuwa kuwalinda wanyama tu. Alitakiwa pia kuwalinda watu na mashamba yao, kwa sababu tembo waliingia kwenye mtama na mahindi na kumaliza chakula cha mwaka kwa usiku mmoja. Ionides na askari wake wa wanyamapori, Waafrika waliolijua pori kuliko yeye, waliua tembo waharibifu, na mara kwa mara walimsaka simba aliyezoea kula watu.

Alizunguka kwa miguu, miezi kwa miezi, pamoja na wapagazi. Alikula kidogo, alivaa nguo kuukuu na hakujali starehe. Katika likizo zake alisafiri mbali kutafuta wanyama adimu kwa ajili ya Makumbusho ya Coryndon huko Nairobi. Pole pole macho yake yalihama kutoka kwa mnyama mmoja mmoja hadi kwa nchi nzima. Aliona kwamba kumlinda tembo bila kulinda njia zake, mito anayokunywa na miombo inayomlisha ni kazi bure. Wazo hilo leo ni la kawaida, lakini mabwana nyama wa miaka ya 1930 walikuwa wakihesabu zaidi leseni na pembe.

Selous ilikuwepo tayari. Wajerumani walitenga maeneo ya wanyama huko kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza waliliita pori hilo kwa jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji na mwanajeshi aliyeuawa kwa risasi Beho Beho mwezi Januari 1917. Lakini lilikuwa eneo dogo likilinganishwa na lilivyokuja kuwa. Ionides alipigania mipaka isogezwe mbele tena na tena, na msaidizi wake Brian Nicholson, aliyemrithi, aliendeleza kazi hiyo. Mwisho wake pori lilifikia takriban kilomita za mraba 50,000, kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya.

Malale na kuhamishwa kwa watu

Eneo hilo lote halikuwa tupu. Hapo ndipo maisha ya Ionides yanapohitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu wasifu mwingi ulioandikwa juu yake hupita haraka mahali hapa.

Nchi ya Liwale ilikuwa ya Wangindo na majirani zao. Waliishi wametawanyika katika miombo, wakilima mashamba ya kuhamahama na kuuza nta ya nyuki. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mashamba na maghala, viliua watu wengi mno. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza na upagazi wake. Vijiji vilipopungua, vichaka vilirudi. Vichaka viliporudi, wanyamapori waliongezeka. Na pamoja nao alikuja mbung'o.

Mbung'o hubeba kimelea cha malale. Kimelea hicho, trypanosoma, ni kiumbe cha seli moja tu, kisichoonekana bila hadubini. Katika damu ya pongo na wanyama wengine wa porini huishi bila kuwadhuru sana. Mbung'o akimfyonza mnyama huyo kisha akamuuma mtu, kimelea huingia katika damu ya mtu, na baadaye katika ubongo. Asipotibiwa, mgonjwa huishia katika usingizi na kifo. Seli moja, mdudu mmoja, mnyama mmoja, mtu mmoja: mnyororo huu unapita ngazi zote, na hauwezi kueleweka kwa kutazama ngazi moja peke yake.

Serikali ya kikoloni iliamua kuwaondoa watu katika maeneo ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi makubwa, ambako msitu ungefyekwa na waganga wangeweza kuwapima. Katika miaka ya 1940 maelfu ya watu wa Liwale walihamishwa hivyo. Waliacha mashamba, mizinga ya nyuki, miembe na makaburi ya wazee wao. Ionides aliunga mkono uhamisho huo kwa nguvu, na kila eneo lililoachwa wazi aliliona kama nafasi ya kulipanua pori. Hakuficha kwamba alipendelea nchi isiyo na watu.

Malale ilikuwa hatari ya kweli, na huduma za afya zilikuwa rahisi zaidi kutolewa mahali ambapo watu wako pamoja. Hata hivyo utafiti wa baadaye ulionyesha upande mwingine. John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o Afrika kwa miaka mingi, alieleza katika kitabu chake cha 1971 kwamba watu wengi wanaolima, kuchoma nyasi na kufuga ndio waliokuwa wakimzuia mbung'o tangu zamani. Helge Kjekshus aliandika mwaka 1977 juu ya Tanganyika kwa hoja inayofanana: ukoloni ulivunja uwiano huo kwanza, ndipo ugonjwa ukasambaa. Kwa mtazamo huo, kuwaondoa watu kulimwachia mbung'o uwanja.

Kwa hiyo pori ambalo watalii huliona kama asili isiyoguswa ni, kwa sehemu, kazi ya vita, njaa, kimelea cha seli moja na uamuzi wa ofisini. Miembe iliyobaki porini ni ushahidi kwamba palikuwa na miji ya watu. Ionides aliisoma ikolojia ya tembo vizuri sana. Mwanadamu hakumpa nafasi katika mfumo ikolojia ule ule, isipokuwa kama mvamizi.

Newala

Katika miaka ya 1950 Ionides alistaafu na kuhamia Newala. Aliyesimama Ndanda anaifahamu sura ya nchi hiyo: uwanda wa Makonde umeinuka juu yake kama ukuta. Unapanda taratibu kutoka upande wa pwani, kisha magharibi na kusini unaporomoka ghafla. Newala iko karibu na ukingo huo, na kutoka mahali panapoitwa Shimo la Mungu mtu anaona bonde la Ruvuma hadi Msumbiji.

Juu ya uwanda mvua inanyesha ya kutosha, lakini udongo wa kichanga hauishiki. Maji huzama chini na kutokea kama chemchemi kwenye miguu ya mteremko, kama zile za Ndanda. Hakuna mito huko juu. Kwa vizazi wanawake wa Kimakonde walishuka na kupanda mteremko na mitungi kichwani. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyegeuka mwanajiografia, aliandika mwaka 1945 juu ya kilimo cha uwanda huo: mkulima hufyeka kichaka, hulima kwa miaka michache, kisha huliacha shamba mpaka kichaka kirudi. Matokeo yake ni nchi yenye viraka, hapa mihogo na mtama, pale vichaka vizito, kati yake miembe na mikorosho.

Nchi ya namna hiyo inawafaa sana nyoka. Mashamba hulisha panya na panya buku. Panya humlisha kifutu wa Gaboni, kwa jina la kisayansi Bitis gabonica, nyoka mnene ambaye rangi zake za kahawia, zambarau na krimu humfanya apotee kabisa katika majani makavu. Juu ya miembe na mikorosho anaishi koboko wa kijani, Dendroaspis angusticeps, mwembamba na mwepesi, anayekula ndege, popo na panya. Mmoja anangoja chini na mwingine anawinda juu, hivyo hawagombanii chakula sana. Ionides aliichagua Newala kwa ajili yao.

Ukamataji wa nyoka

Alitegemea macho ya wanakijiji. Mtu aliyemwona nyoka alimletea habari, na kama nyoka alipatikana, alilipwa. Mkulima aliyezoea kumpiga nyoka kwa jembe sasa alimwacha mmoja abaki kumlinda na mwingine akimbie kumwita Bwana Nyoka. Kwa njia hiyo alipata nyoka wengi kuliko ambavyo angepata akitafuta peke yake kwa miaka.

Koboko wa kijani alimkamata kwa mti mrefu wenye koleo mwishoni, uliounganishwa vipande kwa vipande hadi kufikia matawi ya juu. Kifutu wa Gaboni alimkamata kwa namna iliyowashangaza wageni. Kwanza alimgusa kichwani taratibu kwa koleo aone kama amekasirika. Mara nyingi hakukasirika. Basi Ionides aliweka koleo pembeni, akamshika shingo kwa mkono mmoja, akauegemeza mwili kwa mkono wa pili, na kumtia ndani ya sanduku. Nyoka huyu ana meno ya sumu yanayoweza kufikia sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote, lakini ni mpole. Anategemea kutoonekana, na hana sababu ya kupoteza sumu kwa kiumbe asichoweza kukimeza.

Msomaji asijaribu. Ionides mwenyewe aliumwa na nyoka mara nyingi katika maisha yake.

Nyoka hai aliwauza kwa bustani za wanyama na kwa watafiti wa sumu katika nchi mbalimbali, na waliokufa waliingia katika makusanyo ya makumbusho. Waandishi walivutiwa na mtu huyu. Alan Wykes alichapisha kitabu juu yake mwaka 1960, Margaret Lane mwaka 1963, na Ionides akatoa kitabu cha maisha yake mwaka 1965. Vitabu hivyo vilimfanya ajulikane Ulaya na Marekani. Wamakonde waliompelekea habari za nyoka wanatajwa humo kidogo, ingawa bila wao kusingekuwa na cha kuandika.

Sumu na ngazi za uhai

Sumu hutengenezwa na seli za tezi iliyo nyuma ya jicho. Tezi hiyo ni ogani iliyotokana na tezi za mate. Misuli huikamua, mfereji huipeleka sumu mbele, na jino lenye tundu huiingiza katika mwili wa windo. Kila sehemu peke yake haidhuru. Zikifanya kazi pamoja huua.

Nyoka wawili wa Newala hutumia njia tofauti kabisa. Sumu ya koboko wa kijani ina protini ndogo zinazovuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Baadhi huzuia milango ya madini ya potasiamu kwenye utando wa seli za neva, na nyingine huzuia kimeng'enya kinachotakiwa kuzima ujumbe baada ya kufika. Misuli hutetemeka, kisha hulegea, na mgonjwa hushindwa kupumua. Sumu ya kifutu wa Gaboni hushambulia damu na kuta za mishipa, huzuia damu kuganda ipasavyo na huua tishu karibu na jeraha. Ndiyo maana daktari hutaka kujua ni nyoka gani aliyeuma, na ndiyo maana dawa ya kuzuia sumu haiwezi kutengenezwa bila sumu yenyewe. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa. Wanaoumwa zaidi ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini.

Kwa upande wa sayansi, mchango mkubwa wa Ionides ulikuwa katika ngazi iliyo juu ya nyoka mmoja mmoja. Kwa kuwa alikamata wengi mahali pamoja, mwaka baada ya mwaka, aliweza kusema kitu juu ya makundi yao, na si juu ya tabia ya nyoka mmoja tu. Mwaka 1965 yeye na Charles Pitman, aliyekuwa mkuu wa wanyamapori Uganda na mwandishi wa kitabu juu ya nyoka wa nchi hiyo, walichapisha makala kuhusu makundi matatu ya nyoka wenye sumu wa Afrika Mashariki. Takwimu za namna hiyo ni adimu hata leo, kwani nyoka huhesabika kwa shida. Kabla ya hapo, mwaka 1951, Arthur Loveridge wa Chuo Kikuu cha Harvard alikuwa amechapisha utafiti juu ya reptilia na amfibia waliokusanywa na Ionides Tanganyika.

Kuna swali ambalo vitabu vya kumsifu havikuliuliza: kuwaondoa nyoka maelfu katika eneo dogo kunafanya nini kwa panya, na panya hao wanafanya nini kwa ghala la mkulima? Ionides aliyeelewa kwamba tembo hawezi kutenganishwa na pori lake alimchukua nyoka kutoka pori lake bila kusita. Biashara yake ilitaka hivyo.

Kifo

Miaka ya mwisho ugonjwa wa mishipa ulimharibu miguu, pigo kubwa kwa mtu aliyeishi kwa kutembea. Alifariki mwaka 1968 na akazikwa chini ya mlima Nandanga, ndani ya pori alilolipigania.

Baada yake

Selous iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1982. Hesabu ya mwaka 1976 ilionyesha tembo takriban 110,000 katika mfumo ikolojia wa Selous. Hesabu ya 2013 iliwapata takriban 13,000. Ujangili wa meno, kazi ileile aliyoanza nayo Ionides huko Kongo, ndio uliosababisha anguko hilo, na mwaka 2014 UNESCO ililiweka pori katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori ilitengwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Jina lake limebaki pia kwa kiumbe mdogo sana. Mwaka 1950 mjusi-minyoo asiye na miguu kutoka Liwale, anayeishi chini ya udongo na kula wadudu, alipewa jina ambalo sasa huandikwa Loveridgea ionidesii. Jina hilo linawaunganisha Ionides na Loveridge, mkusanyaji na mtaalamu aliyechunguza makusanyo yake.